Usawa wa hospitali tuutafute kwenye karatasi ya majibu, sio kwenye bango

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo, najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii mkiikata ikateni mwishoni sio katikati. Juzi hapa kijiweni Magomeni, Mtwara, tulikuwa tunasomeana gazeti na kuna msomaji wenu mmoja kaandika kwamba haya mambo ya weusi na weupe kubaguana hospitalini ni ya Wamarekani wenyewe, sisi huku Kusini tuna barabara yetu na bei ya korosho, tusijitwike mzigo wa jirani. Watu wakacheka wakasema kweli kabisa. Mi nikakaa kimya mpaka chai ikapoa, maana nimefanya kazi maabara miaka ishirini na ushee kabla ya kustaafu na kurudi kwenye mikorosho yangu kule Nanyamba, na nikajua hapa nisipoandika nitalala vibaya.

Ndugu yangu huyo hajui kwamba huo mzigo wa jirani ulishaingia ndani kwetu zamani, umekuja umejificha kwenye hesabu.

Nieleze. Mtu akija kupima figo tunachukua damu tunaangalia kreatinini, hiyo ni taka inayotokana na misuli, figo zikichoka inabaki kwenye damu inapanda. Sasa namba ya kreatinini peke yake haimwambii daktari kila kitu, kwa hiyo kuna fomula, unaingiza kreatinini, umri, mwanamke au mwanaume, inakupa kiwango figo zinavyochuja, namba ikiwa ndogo ndo figo zimechoka zaidi. Na mpaka juzi juzi tu fomula zilizotumika sana duniani zilikuwa zinauliza na jambo la nne, huyu ni mweusi au sio mweusi. Ukijibu mweusi jibu linazidishwa, ile fomula ya mwaka 1999 ilikuwa inazidisha kwa kama 1.2 na iliyokuja 2009 inazidisha kwa 1.159. Yaani figo za mweusi kwenye karatasi zinapandishwa daraja bila mwenyewe kujua. Sababu waliyotoa eti kwenye utafiti wao weusi wa Marekani walikuwa na kreatinini ya juu zaidi kwa figo zenye nguvu ile ile, wakasema itakuwa ni misuli. Misuli! Waje wamuone mama yangu mkubwa, kilo arobaini na kanga zake.

Chukua watu wawili, umri mmoja, damu inasoma sawasawa. Mweupe fomula inampa 18, mweusi inampa karibu 21. Kule Marekani ili uanze kuhesabiwa siku kwenye foleni ya kupandikizwa figo unatakiwa uwe 20 kushuka chini. Kwa hiyo mmoja anaanza kuhesabiwa leo, mwingine anaambiwa nenda nyumbani urudi ukizidiwa, na hakuna mtu aliyemtukana, hakuna aliyemfungia mlango, nesi kamchekea vizuri tu na daktari huenda ni mtu mwema mcha Mungu. Kilichombagua ni kuzidisha.

Ndo maana nasema ukienda kutafuta ubaguzi kwenye nyuso za watu utaukosa halafu utarudi useme haupo.

Nina mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ni nesi kwenye hospitali ya chuo kikuu huko huko Marekani, siitaji jina kwa sababu bado anakula mshahara wao. Huwa ananitumia sauti WhatsApp akitoka zamu, ndefu kweli, nazisikiliza nikiwa napalilia. Mwaka 2020 baada ya polisi kumuua yule mweusi George Floyd kule Minneapolis kwa kumkandamiza shingo na goti, hospitali nyingi kule madaktari na manesi walitoka nje na makoti meupe wakapiga goti dakika nane na sekunde arobaini na sita, muda uliotajwa siku zile kwamba ndio alikandamizwa, na yeye alikuwepo. Alilia anasema. Halafu hospitali yao ikaanzisha kikao cha kila mwezi, wafanyakazi wote wa rangi zote wakae waongee, wafagizi na maprofesa meza moja, na chakula kipo. Kikao cha kwanza ukumbi ulifurika mpaka watu wamesimama ukutani. Mfagizi mmoja mama wa makamo akasimama akasema nimesafisha hii wodi miaka kumi na moja na leo ndo mara ya kwanza daktari ananiuliza jina. Kikao cha nane walikuwa watu sita na piza tano.

Na katikati ya hiyo miezi yeye mwenyewe kaingia chumba cha mgonjwa na sare na kitambulisho kifuani, mgonjwa kamnyooshea kidole pipa la taka akamwambia limejaa. Akalimwaga. Akanawa mikono akarudi akampima presha. Nikamuuliza mbona hukusema, akanijibu kaka mimi nilikuwa na wagonjwa watano asubuhi ile, ningesema saa ngapi.

Sasa sikiliza hapa ndipo penyewe. Wakati wakubwa wanapanga mabango na vikao, wanafunzi wa udaktari kwenye vyuo kadhaa walikuwa wameshika swali moja tu la kitoto, wanawauliza walimu wao hivi hii kuzidisha kwa mweusi ni kwa nini, na mtu aliyechanganya damu unamzidishia nusu? Mwalimu anatafuta jibu hana. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle kikaiondoa kwenye hospitali zake Juni 2020, na wengine walishatangulia. Septemba 2021 kamati ya wataalamu wa figo wa nchi nzima ikasema basi, ije fomula mpya isiyouliza rangi, na ikatoka. Wala hawakuishia hapo, kuanzia Januari 2023 hospitali zote za kupandikiza figo zikaamriwa zirudi kwenye mafaili ya zamani zimtafute kila mweusi aliyecheleweshwa na ile hesabu zimrudishie siku zake, na mpaka 2024 watu zaidi ya 14,000 walikuwa wamerudishiwa, wengine miaka na miaka.

Mwaka 2025 upepo wa siasa ukageuka, Trump karudi na amri za kufuta ofisi za usawa, zile za kusimamia mambo kama hivyo vikao na mabango, vyuo vingi vikafunga au vikabadilisha jina kimya kimya. Ya hospitali ya mdogo wangu bango limetolewa ukutani, anasema limebaki alama ya mstatili mweupe na matundu manne ya misumari. Lakini mashine ya maabara bado inatoa jibu bila kuuliza rangi. Hiyo hakuna aliyeikumbuka kuifuta, imeshakuwa kazi ya kila siku.

Rudi huku kwetu sasa, maana najua yule ndugu atasema sisi wote weusi inatuhusu nini. Inatuhusu sana, tena sisi ndo zaidi. Hizo fomula zipo kwenye vitabu walivyosomea madaktari wetu na kwenye simu zao. Kuna watafiti walipima figo za watu Malawi, Uganda na Afrika Kusini kwa njia ya uhakika, matokeo yakatoka 2022, wakakuta hesabu za kreatinini zinazipa figo za Waafrika sifa zisizo nazo, wagonjwa halisi ni wengi kuliko karatasi zinavyosema. Malawi hapo sio mbali, Wayao wa Masasi na Tunduru wana shangazi zao huko. Sasa mtu wa Tandahimba mwenye presha anaambiwa figo zako nzuri mzee, anafurahi, anapanda bodaboda anarudi kwake, miaka miwili baadaye analetwa amevimba uso na anahitaji kusafishwa damu.

Kile kidude cha kubana kidole cha kusoma oksijeni nacho hivyo hivyo. Kinapitisha mwanga kwenye kidole, na weusi wa ngozi unauvuruga ule mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliangalia wagonjwa ambao kidude kimesoma 92 mpaka 96, yaani sio wa kuogopesha, halafu wakalinganisha na damu yenyewe ya mshipa, wakakuta kwa weusi asilimia 11.7 oksijeni yao kwa kweli ilikuwa chini ya 88, kwa weupe asilimia 3.6. Karibu mara tatu. Na ilikuwa uviko umepamba moto, watu wanapewa kitanda kwa namba hiyo! Mimi mwenyewe nimewabana watu vidole hivyo, wengi, nikawaambia uko sawa. Silali vizuri nikikumbuka baadhi.

Kubaguana kwa majengo sisi tulishakuona, wakoloni walikuwa na Ocean Road ya wazungu na Sewa Haji ya Waafrika na Wahindi pale Dar, tukapata uhuru tukafuta na tukafanya vizuri. Tukaenda mbali zaidi, sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ile ya 1967. Mi naunga mkono. Lakini kutouliza kusitudanganye kwamba hakuna.

Miaka michache nyuma nilimpeleka mama yangu mkubwa kwenye hospitali moja kubwa inayofundisha madaktari, sio ya hapa Mtwara. Ni Mmakonde wa Newala, ana chale za zamani usoni, mashavuni na kwenye paji, na tundu la ndonya, ule urembo wa mdomoni wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu lipo ingawa ndonya yenyewe alishaivua. Dirishani yule wa kuandikisha kasoma jina kasema aa, wala panya hawa, wenzake wakacheka. Mnisikie vizuri, utani wa makabila naujua na naupenda, kwenye msiba Mngoni akinitania namrudishia hapo hapo. Ila utani wa dirishani sio utani, maana mgonjwa anataka dawa, hawezi kukujibu.

Ndani tukakutana na daktari kijana, mpole, Kiswahili chake cha vitabu. Mama mkubwa akamwambia moyo unanichafuka toka jana. Kijana akauliza moyo? Akajibiwa ndiyo baba, moyo. Akaandika. Mimi nilikuwa nimetoka kulipia, narudi nakuta tunapelekwa kupimwa moyo, hela ishaenda, na hatujafika mlangoni mama mkubwa akatapika mapokezi pote, ndo kijana akaelewa moyo kuchafuka maana yake nini. Aliomba radhi jamani, nisiseme uongo.

La pili ndo lililonikaa. Amelazwa, wamekuja wanafunzi kama saba na mwalimu wao, wakamzunguka, wakaongea Kiingereza, wakaondoka. Mmoja akabaki nyuma akatoa simu akampiga picha ya uso. Nikamuuliza mwanangu hiyo ya nini? Ya kujifunzia mzee. Nikamwambia kwenye chale hapo unajifunza ugonjwa gani? Akanyamaza. Nikamwambia muonyeshe mwenyewe. Akainama akamuonyesha, mama mkubwa akaiangalia ile picha kwa muda, akasema kwa Kimakonde amenitoa mbaya, nimekonda, aifute. Ikafutwa. Nilimkumbuka Henrietta Lacks, yule mama mweusi ambaye hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore mwaka 1951 walichukua chembe za saratani yake bila kumuuliza na dunia nzima ikazitumia, watoto wake wakaja kujua baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Sasa hivi tumshukuru Mungu tuna hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, wagonjwa wengi hatuwapakii tena basi la saa kumi na moja alfajiri kwenda Dar zaidi ya kilomita 500, na wale walionasa Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga wanajua nasema nini. Wanafunzi watakuja wengi kujifunza kwetu, na waje. Nawaomba wakubwa wasianze na kamati ya usawa wala fulana zenye maandishi. Waanze na rejista. Kabila wasiandike, tulishatoka huko, ila waandike mgonjwa anaongea lugha gani, katoka kijiji gani, kafika saa ngapi na kaonwa saa ngapi, halafu kila mwisho wa mwezi mtu mmoja akae na kalamu aone yule bibi wa Kimakonde, Kimakua au Kimwera asiyejua Kiswahili vizuri alikaa benchi muda gani kulinganisha na mwalimu wa sekondari. Mnaweza kukuta ni sawa kabisa. Nitafurahi, nitaleta korosho za kubanguliwa.

Na wenzangu wa maabara za mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, nawauliza hapa hadharani kwa upendo, majibu ya figo mnayotoa leo yanatumia fomula ya mwaka gani? Mkijua mwandikieni mhariri, atatutolea hapa hapa kwenye ukurasa huu, mama mkubwa karatasi yake ninayo mfukoni nataka niipige hesabu upya.

Ni mimi mstaafu wa maabara,
Magomeni, Mtwara