Mtoano wa wanyama si kupoteza muda

Mhariri,

Mwezi uliopita mzazi mmoja alinifuata shuleni kuniuliza kwa nini mwanawe anarudi nyumbani akibishana habari za fisi badala ya kufanya hesabu. Naomba nafasi nimjibu, maana najua hayuko peke yake.

Nafundisha sayansi darasa la tano hapa Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa. Muhula huu tuliendesha mtoano wa wanyama 16, mechi 15 mpaka fainali, ratiba nzima imechorwa ubaoni. Wazo si langu. Huko Marekani mwanabiolojia Katie Hinde alianzisha mashindano ya namna hii mwaka 2013, na walimu wengi wanayatumia madarasani. Mimi nilichagua wanyama wa kwetu, nikaweka sharti kwamba hakuna kumpitisha mnyama kwa mapenzi. Unataka ashinde? Leta hoja: uzito wake, meno yake, anakula nini, anatembea saa ngapi. Na anayekimbia uwanja ametolewa.

Simba alitolewa na tembo mechi ya kwanza. Kelele zake zilifika ofisini kwa mwalimu mkuu.

Ila mechi nitakayoikumbuka ni ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na kakakuona. Sange wa Udzungwa alitangazwa na wanasayansi mwaka 2008 tu, naye yumo katika msitu wa Mwanihana, huu huu tunaouona dirishani. Kati ya wanafunzi 61, waliowahi kumsikia ni wanne. Twiga wanamjua wote! Nilikuja na karibu robo tatu ya mchele kwenye mfuko, ukapita mkono kwa mkono, wausikie uzito wa sange: gramu 700 hivi.

Ubishi ukakolea. Ndipo akasimama binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake. "Mwalimu, hawa hawakutani. Sange anatembea mchana, kakakuona usiku." Alikuwa amemuuliza babu yake. Tukaamua mechi ichezwe magharibi, giza linapoanza kuingia. Kakakuona hana jino hata moja, lakini alijikunja, magamba nje. Sange akakosa la kumfanya, akaenda zake kutafuta wadudu. Kakakuona akapita, na wapo ambao hadi leo hawajaridhika.

Kuhusu hesabu, mzazi mwenzangu, ni mwanao aliyekokotoa kwamba tembo dume wa tani 6 ana uzito wa sange zaidi ya 8,500. Alifanya kwa kalamu, bila kikokotoo, na hakuna aliyemtuma.

Ombi langu kwako, Mhariri: katika ukurasa wa watoto, kila wiki tuchapishie mnyama mmoja asiyejulikana sana, na picha yake, uzito wake na chakula chake. Kitabu cha wanyamapori tunacho kimoja, na kurasa za katikati zimeshang'oka. Julai tunaanza mtoano wa ndege, na ubao una nafasi ya kubandika.

Mwalimu wa sayansi,
Mang'ula, Morogoro