"Muniments" si silaha, ni hati za nyumba

Mhariri,

Majuzi jirani yangu hapa Mkomani, Lamu, alinijia na barua ya wakili. Nyumba ya marehemu baba yao inataka kugawanywa, na warithi wametakiwa wapeleke "muniments" zote. Kijana wao alilitafuta neno kwenye simu akaambiwa lina udugu na zana za vita. Bibi wa watu hakulala.

Nilikuwa karani wa korti, na neno hilo nalijua. Ni Kiingereza cha kale cha mawakili, na kijana hakubahatisha. Asili yake ni Kilatini, munire, maana yake kujenga ngome, na neno la Kiingereza la risasi na mizinga limetoka shina hilo hilo. Hati ziliitwa hivyo kwa kuwa mwenye mali akishtakiwa, hizo ndizo kinga yake. Wenzetu walizijengea hata mahali pa kukaa: New College ya Oxford ina mnara wa hati wenye jina hilo. Waarabu nao husema sanadi, yaani kitu cha kuegemea. Sisi tulichukua khatt, mwandiko, tukapata hati. Watu wa Lamu na mwandiko mzuri, mtatuambia nini!

Linaloniudhi ni kwamba jirani alikuwa apeleke hatimiliki peke yake. Neno lile linakusanya kila karatasi inayoonyesha mali ilivyotoka mkono huu ikaingia ule: mauzo, rehani, wasia, wakfu, hukumu ya kadhi ya mirathi. Tulipofungua kasha tulikuta karatasi ya mauzo kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa rangi ya kahawa, pembe moja imeliwa na mchwa. Mipaka imetajwa kama walivyotaja wazee: kibla (kaskazini) nyumba ya fulani, suheli (kusini) njia ya msikitini, matlai (mashariki) ukuta wa shirika na jirani. Ukuta huo ndio wanaogombania sasa, na hatimiliki haiutaji kabisa. Karatasi ilikuwa itupwe, eti hakuna anayeisoma.

Pwani hii tungekuwa wa mwisho kutupa karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wa wasiodai wangali wanaitwa maskwota katika mashamba ya babu zao.

Mawakili, nawaomba mnapowaandikia wazee wetu mseme "hati zote za nyumba, kuukuu na mpya, za Kiarabu pia". Na nyinyi warithi, pigeni nakala kwanza. Hati asili isitoke nyumbani bila stakabadhi iliyoandika kila karatasi kwa tarehe yake, na aliyeipokea atie sahihi mbele yenu.

Karani mstaafu,
Mkomani, Lamu