Gesti za Dodoma hadi Babati ziweke daftari la waendesha baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe pendekezo kwa wenye gesti zilizo kando ya barabara ya Dodoma hadi Babati. Tangu kilomita zake 251 za lami zizinduliwe mwaka 2018, waendesha baiskeli wa masafa marefu wanapita humo, wakiwamo wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, na sisi wenyeji tunaosafiri kwa baiskeli hukutana nao njiani.

Wawili wanaotoka pande tofauti wakikutana hawapungiani mikono tu wakapita, kwa kuwa kila mmoja anatoka anakokwenda mwenzake. Aliyetoka Babati amekwisha kuupanda mlima wa Bereko na anajua ni kijiji gani kina maji, ilhali aliyetoka Dodoma anaweza kumtahadharisha kwamba msimu wa kusi upepo utamkabili, hivyo ni heri aondoke alfajiri. Hapo pia ndipo watu hupeana viraka, solusheni na hata spoki, maana vipuri vya baiskeli za wageni ni adimu katika maduka ya vijijini.

Tatizo ni kwamba wengi hupishana bila kuonana: mmoja yuko gestini Kondoa, mwingine amechepuka Kolo kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Washiriki wa Tour d'Afrique, ziara ya baiskeli ya Cairo hadi Cape Town iliyoanza mwaka 2003, wana magari ya kuwabebea mizigo. Anayeumia ni msafiri wa peke yake.

Gesti tayari zina daftari la wageni, linalouliza utokako na uendako, lakini hilo (sote tunajua) ni la wakaguzi. Naomba liwekwe jingine mapokezini, ambamo msafiri ataandika hali ya njia, maji na mafundi baiskeli, kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na tarehe, kwani habari ya kisima ya mwezi Machi yaweza kumponza anayeisoma Septemba. Wabeba mkaa na wauza maziwa, wanaoijua barabara hiyo kuliko sisi sote, hawalali gestini. Mhudumu awaulize wapitapo, awaandikie.

Niko tayari kununua madaftari ya kuanzia kwa gesti za Kondoa zitakazokubali.

Mwendesha baiskeli,
Dodoma