Mzigo wa Idi uagizwe Septemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wafanyabiashara wenzangu, hasa sisi wa mitaji midogo tunaotoa mzigo China. Viatu na nguo za Idi ya mwakani, 2026, tuvilipie Septemba hii ya 2025. Tukisubiri Novemba tumechelewa, na Desemba ndiyo kabisa.

Nauza viatu vya watoto Kariakoo, huu mwaka wa kumi na moja. Mzigo wangu unatoka Guangzhou, nachangia kontena na wenzangu. Mwanzoni mwa Desemba iliyopita nilitanguliza asilimia 30 kwa dazeni 60 za sendozi za kike. Hesabu yangu ilikuwa ileile ya siku zote: kiwandani wiki nne, ghalani kwa wakala wa usafirishaji wiki mbili kontena lijae, baharini mwezi na siku kadhaa, kutoa bandarini wiki mbili. Idi ilikuwa Machi 31. Nikaona muda ninao.

Mwaka mpya wa Wachina uliangukia Januari 29. Tarehe hiyo nilikuwa naijua, ila sikuipigia hesabu inavyostahili. Likizo ya serikali yao haifiki siku kumi, lakini kiwanda chenyewe kinaweza kulala mwezi mzima. Wafanyakazi wengi kwao ni mikoa ya mbali, wanaanza kuondoka wiki mbili tatu kabla, na sikukuu ikiisha si wote wanaorudi palepale. Na kabla hawajaondoka, kila mnunuzi anataka wake utoke kwanza. Mwenye dazeni 60 hana sauti kwenye foleni hiyo. Januari 16 dada anayeniuzia alinitumia picha kwa WeChat: cherehani zimefunikwa nailoni, na pembeni rundo la soli zangu za rangi ya waridi, zimekatwa vizuri, mikanda hazina.

Sendozi ziliingia dukani Mei.

Kuna mteja wangu wa Ifakara alikuwa ameshanipa kishika nafasi cha Sh400,000. Alikuja mwenyewe kwa basi, akiwa na funga yake, kumi la mwisho la Ramadhani limeshaingia. Nilimrudishia hela yake yote. Alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniuliza, "Dada, sasa kule mimi nikawaambie nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile sipokei kishika nafasi cha mzigo ambao haujapanda meli, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo.

Mwaka huu, kati ya mwaka mpya wao na mwanzo wa Ramadhani tulikuwa na mwezi mzima, na bado niliumia. Mwakani hatuna hata hiyo nafasi. Mwaka mpya wa Wachina ni Februari 17, 2026, na Ramadhani inatarajiwa kuandama wiki hiyohiyo. Mwaka 2027 vinafuatana tena, mwaka mpya wao Februari 6 na Ramadhani siku mbili tatu baadaye. Wateja wa mikoani wanakuja kubeba kabla ya mfungo, kwa hiyo mzigo unatakiwa uwe dukani Januari. Rudi nyuma wiki kumi na tatu za hesabu yangu ile, kutoka kiwandani mpaka kutoa bandarini, unajikuta Oktoba. Na Oktoba mosi wenzetu wana sikukuu yao ya taifa, wanafunga tena kama wiki nzima. Ndiyo maana nasema Septemba.

Kiasi cha kuagiza nacho kisikadiriwe kwa macho. Mimi huuza dazeni sita kwa wiki. Kiwanda kikilala wiki nne, hizo ni dazeni 24 ambazo lazima ziwe stoo kwangu kabla hakijafunga, mbali na za Idi yenyewe. Lakini nyongeza hiyo siigawi sawa kwa kila kiatu. Daftari langu la mauzo linaonyesha namba 26 mpaka 31 ndizo zinazotoka, basi nazidisha hizo. Vyeusi na vyeupe naongeza bila wasiwasi, maana vitauzika hata baada ya sikukuu. Vya maua na vya kumetameta ninachukua kidogo, kwa sababu sikukuu ikivipita vinalala rafuni mwaka mzima, hela yangu imo humo.

Najua ugumu wa Septemba ni fedha. Vikoba vingi vinavunja Desemba, na Januari inatusubiri na ada za shule. Kwenye kikoba chetu tumekubaliana mikopo ya mzigo itoke Agosti, marejesho yaanze Oktoba. Ilituchukua vikao vitatu, na kuna waliokasirika.

Kwa mawakala wa usafirishaji nina ombi. Mwaka jana tarehe ya mwisho ya kupokea mizigo ghalani tuliipata kwenye kundi la WhatsApp zikiwa zimebaki siku tisa. Tupeni tarehe hiyo miezi mitatu kabla, pamoja na bei, ili anayetaka kupunguza mzigo apunguze mapema.

Na kwako Mhariri, picha za ngoma zao za joka huwa mnazitoa kila mwaka, na ni nzuri. Naomba tarehe za viwanda kufungwa mzitoe ukurasa wa biashara mwezi wa nane, sisi wa Kariakoo tuzikate tuzibandike ukutani. Mimi agizo langu nalilipia Septemba 8, na yule mama wa Ifakara nimeshampigia.

Muuza viatu vya watoto,
Kariakoo, Dar es Salaam