Asante kaka wa chepe, mtaro wa Unga Limited
Kaka yangu uliyepita huku mtaani kwetu Unga Limited, Arusha, jumamosi ile asubuhi na gambuti na chepe, sikukuuliza jina na inaniuma mpaka leo. Masika imejaza mtaro, maji ya choo yanaingia mpaka mlangoni, watoto wanachezea humo humo, na wewe hata sio mkazi wa hapa ukavua shati ukaingia. Ulitoa chupa, pampasi, viroba, mpaka godoro bovu, afu ukakataa hata soda.

Ila kilichonigusa zaidi ni ulivyomwona mwanangu kalegea kwa kuharisha ukaniambia dada usisubiri, chukua maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, mnyweshe kidogo kidogo huku mnaenda zahanati, yani ukanawa kwa sabuni mara mbili ndo ukanipimia mwenyewe kwenye jagi langu la bluu. Zahanati wakasema tumewahi.

Sa hivi anakimbia tu. Maji ya kunywa nachemsha kila siku, na mtaro tunazibua kwa zamu. Kaka kama unasoma hii pita nyumbani ule ndizi nyama, Mungu akuzidishie sana.