Mama wa Mwaloni, asante sana

Wakuu habari, nina deni la shukrani. Sura ya data kwenye PhD yangu ya ugavi ilirudishwa mara mbili, eti mzigo wa dagaa unapanda na kushuka bila sababu, na ajira ya uhadhiri inasubiri nimalize. Nikaenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa pale Mwanza, nimechoka kabisa, mama mmoja akanigeuzia ndoo nikae, akafungua daftari lake linalonuka dagaa akanipitisha gunia kwa gunia, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika maana taa za wavuvi usiku hazivuti dagaa, giza likirudi mzigo unajaa. Kumbe ni mwezi! Asubuhi tatu alikaa na mimi, wateja wanasubiri (wengine wananuna), hela akakataa. Jina hataki nitaje. Wanafunzi wa ugavi mkienda pale nunueni hata kisado, sio kubeba data tu na kusepa.