Kuhusu lile daftari la sukari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma yote usiku uleule.

Kumbe binti yetu, na kisukari chake, amejaza daftari zima la vipimo vya sukari ya damu kwa uongo! 5.8, 6.2, 6.5 (kwa mmol/L), namba nzuri tupu, wiki baada ya wiki, kalamu ileile, mwandiko wa mtu aliyekaa kitako mara moja akaimaliza kazi. Halafu kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 kikamuumbua mbele ya daktari. Unaniuliza umfanye nini. Kwanza, usimwite mwongo. Mimi nilianza sindano za insulini nikiwa na umri kama wake, na nakwambia mtoto hafichi namba kwa kuwa hajali. Amechoka kuona uso wako unavyobadilika kila akikutajia namba ya juu kama 14.

"Imekuwaje tena? Umekula nini?" Kwako ni swali. Kwa mwenye miaka 15 ni mashtaka. Hakuna anayegombana na geji ya mafuta. Mtu anaisoma, anajua la kufanya. Mpe daftari jipya, umuahidi kwamba ukurasa wenye 17 utaulizwa "tufanyeje?" na si zaidi ya hapo. Kisha uitimize ahadi hata siku umechoka, maana ndiyo siku atakayokupima.

Tena umri huu wenyewe una vurugu zake. Homoni za kubalehe na za ukuaji huufanya mwili usiitikie insulini kama zamani, hivyo dozi iliyomtosha mwaka jana leo haitoshi. Atafuata kila kitu na bado ataamka sukari iko juu. Asipoelezwa, atajiona mzembe, na akishajiona mzembe ataacha hata kujaribu. Mkumbushe pia kwamba kisukari aina ya 1 hakikuletwa na kitu alichokula. Kinga ya mwili wake ilizishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, basi. Wewe unalijua hilo, lakini wageni wenu wanasema mengine, naye anawasikia.

Najua sasa unatamani kumnyang'anya kipimo na sindano ufanye mwenyewe. Usifanye hivyo, wala usimwachie kila kitu eti kwa sababu amekua. Anzeni na chakula cha jioni peke yake. Apime, akadirie wanga, ataje dozi kabla hajajidunga. Umuulize tu, "Umefikaje hapo?" Jibu lake likiwa na mantiki na halina hatari, lipite, hata kama wewe ungepiga hesabu tofauti kidogo. Baada ya saa mbili tatu mtazame pamoja. Hesabu ikienda kombo akaigundua mwenyewe, hiyo haisahau.

Insulini ya muda mrefu, ile inayofanya kazi mchana na usiku, iendelee kuwa chini ya jicho lako kwa sasa. Hiyo haina mchezo. Akiiruka, ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili ukikosa insulini, zinajaa kwenye damu na mtajikuta wodini. Na akiugua akashindwa kula, insulini haiachwi. Mpigieni daktari awaambie kiasi.

Umesema anaogopa kurudi mazoezini tangu sukari iliposhuka darasani. Namwelewa. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, maneno hayaji, na baadaye unabaki na aibu ya kutazamwa. Kumwambia "usiogope" hakutamsaidia. Arudierudie hatua mpaka ziwe mazoea: ikiwa chini ya 4, gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, asubiri dakika 15, apime tena. Achague marafiki wawili anaowaamini awafundishe yeye mwenyewe, pamoja na hili: akizimia wasimtie chochote mdomoni, waite msaada haraka. Na mwalimu wa michezo ajue mfuko wenye sukari unakaa wapi.

Ukipenda msimulie habari za Gary Hall Jr., mwogeleaji wa Marekani aliyegundulika na aina ya 1 mwaka 1999, na mwaka uliofuata akachukua dhahabu kwenye Olimpiki za Sydney. Lakini mimi naona mabingwa husaidia kidogo tu. Kijana wa kawaida, aliyemzidi miaka miwili mitatu, anayelalamika kuhusu sindano na bado anaenda mazoezini, huyo ndiye dawa. Uliza kliniki wamkutanishe binti na mtu kama huyo.

Siku nyingine atachoka kabisa. Siku hiyo beba wewe: pima, hesabu, andika, naye apumzike bila mahubiri. Ila ukiona anaruka sindano ili apungue mwili, au amejitenga na hataki kuongea na mtu, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke kwa daktari na mshauri mara moja.

Mkienda kliniki, mwache aingie peke yake kwa dakika chache za mwanzo, aongee bila wewe kumjibia. Najua utahangaika hapo kwenye benchi. Niandikie jinsi ilivyokwenda. Na umwambie akitaka kumsengenya mama yake, anipigie mimi. Nina mengi ya kuongezea.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote